Baridi ya Mtae na Mkono wa Kushoto

Jamani, kuna watu hapa Mtae mpaka leo wakiniona napita wanajishika kwapa, tena siyo watoto, ni watu wazima na heshima zao, mmoja wao ni mama wa kwaya kabisa, na mimi nacheka kidogo tu na kuongeza mwendo, kwa sababu waliyoyaona waliyaona kwa macho yao, uwanja mzima, watu wametoka kanisani na vitabu vya nyimbo bado viko mkononi. Nimeona bora nisimulie mwenyewe, maana nasikia huko Malindi (kijiji cha jirani hapa milimani, siyo ile ya pwani) habari imeshafika mahali kwamba nilivua nguo mbele ya Mchungaji, na sikuvua nguo (nilifungua koti na kupandisha sweta, basi, tena Zaituni alinikinga na kanga).

Naitwa Penina. Nimezaliwa hapa hapa ukingoni mwa milima ya Usambara, nikaenda Dar es Salaam kusomea umeme ule mdogo mdogo wa ndani ya redio na simu, nikafanya kazi kidogo, halafu nikarudi nyumbani na wazimu mmoja kichwani, kwamba vijana wa milimani wanaweza kuchora chipu. Siyo kuitengeneza, hiyo ni kazi ya viwanda vikubwa vya ng'ambo, nasema kuichora tu, kama fundi anavyochora ramani ya nyumba. Zamani hata kuchora kulikuwa hakuwezekani kwa mtu kama mimi, kwa sababu kila kiwanda kina kifurushi chake, sisi tunaoishi nacho tunakiita pidikei, na humo ndani kimewekwa kila kitu anachopaswa kujua mchoraji: waya uwe mwembamba kiasi gani, transista zipi zipo, na kila moja ina tabia gani ikipata joto na ina tabia gani ikipata baridi. Kifurushi hicho kilikuwa siri, unakubali kwanza kufunga mdomo, na uwe kampuni yenye jina. Siku hizi viwanda kadhaa vimefungua mlango, unapakua bure, unachora, na ukibahatika mchoro wako unachapwa kwenye sahani moja ya silikoni pamoja na michoro ya watu wengine. Na siyo hivyo tu, watu wameanza kuvilinganisha vifurushi vyenyewe, majina ya vijisehemu yawe yale yale na mpangilio ule ule, ili mchoro wa kiwanda hiki uhamie kiwanda kile bila mtu kuanza upya. Hapo kwenye kuhama ndipo nilipoteleza, lakini ngoja kwanza.

Usharika wetu ulitupa chumba nyuma ya kanisa, kilichokuwa ghala la mbegu za viazi, tukaweka kompyuta zetu kuukuu na mbao za kukalia. Wanafunzi walikuwa wachache, na wa mbele yao wote ni Zaituni, msichana wa Tanga mjini, ambaye aliacha kazi nzuri ya duka la simu akapanda huku kwenye ukungu kwa sababu alisikia kuna dada anafundisha chipu, akapanga kwa mama yangu, na kwao hawajamwelewa mpaka leo. Chumba kile kilikuwa na baridi ya kung'ata, kwa hiyo akina mama wa usharika walituazima jiko la mkaa kutoka jikoni kwao, tukawa tunaliwasha asubuhi, dirisha tunaacha wazi kidogo tusije tukafa na hewa ya mkaa, na maisha yakawa matamu.

Tulichokuwa tunachora ni chipu ya analojia, yaani ile isiyojua moja na sifuri tu bali inasikia vitu vyenyewe, joto linavyopanda taratibu na unyevu unavyozidi. Tulitaka tuiweke kwenye kifaa kidogo kinachosimama shambani katikati ya viazi, na hali ya hewa ikifika pale ambapo ule ugonjwa wa ukungu wa viazi unapenda, kipige king'ora, mkulima apulizie dawa kabla majani hayajawa meusi. Mtu yeyote wa Usambara aliyewahi kuamka akakuta shamba lake limeungua kwa ukungu anajua kwa nini nilikuwa silali nikikifikiria.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa ni Mzee Yoeli. Msimfikirie vibaya, hakuwa adui yetu, ila ni mtu wa viazi, na mbegu za msimu uliopita zilikuwa zimeozea barazani nyumbani kwa Mchungaji kwa kukosa pa kuwekwa. Akaja chumbani siku moja, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Penina mwanangu, chumba tulikupa kwa moyo mweupe," akasema. "Lakini watu wananiuliza mbegu ziende wapi. Jumapili ya mavuno tuoneshe hicho kidude. Kikifanya kazi, mnabaki. Kisipofanya, viazi vinarudi ndani."

"Kitafanya kazi, baba," nikasema.

"Na kiwashwe mbele yetu. Tusije tukakikuta kimeshawashwa huko."

"Hakuna shida, baba." Nilijibu haraka kweli.

Sasa rudi nyuma kidogo, miezi kadhaa kabla ya hapo. Tulikuwa tumechora mchoro wetu kwa kifurushi cha kiwanda kimoja, ghafla ikaja habari kwamba kuna nafasi ya kuchapiwa, lakini kwenye kiwanda kingine, na muda uliobaki ni kiduchu. Mimi nikafurahi, nikawaambia wanafunzi hii ndiyo faida ya majina kulingana, tazameni, nikauchukua mchoro nikauhamishia kwenye kifurushi kipya, programu ikakagua kila kitu na haikulalamika hata mara moja, kijani juu mpaka chini. Nikatoa na hotuba. Nikasema ni sawa na kuhama nyumba ukakuta funguo zako za zamani zinafungua milango yote (nilijipenda sana siku hiyo).

Ila ndani ya chipu kuna kijisehemu cha kuamsha, kinafanana kazi na stata ya gari. Umeme ukiingia, chenyewe kinasukuma saketi kuu iamke, halafu kinakaa pembeni. Kisiposukuma, chipu haijafa, imelala tu na umeme wake tumboni. Na kwenye kile kiwanda kipya, transista yenye jina lile lile ilikuwa nzito zaidi kuamka kwenye baridi. Haikuwa siri, kifurushi kilisema wazi, ila ili uone inabidi upime mchoro kwenye joto, halafu kwenye hali ya kawaida, halafu kwenye baridi, na kila kipimo kinakula saa na saa kwenye kompyuta zetu kuukuu, na umeme wa kwetu mnaujua unavyokatika.

"Dada Penina," Zaituni akaniambia, "upande wa baridi hatujapima."

"Baridi gani, Zai? Hiyo imewekwa kwa ajili ya watu wa theluji huko. Sisi tuko Afrika."

Nilisema maneno hayo nikiwa nimevaa koti na soksi mbili mbili, miguu nimeielekeza kwenye jiko. Zaituni alinitazama, akalitazama jiko, akarudi kwenye kompyuta yake, maana mimi ndiye mwalimu. Nikabonyeza, mchoro ukaenda.

Chipu ziliporudi, tulizichomeka pale pale chumbani na ya kwanza kabisa ikawaka. Nilipiga vigelegele mpaka mwinjilisti akaja kuuliza kuna harusi gani. Kila siku tuliiwasha na kila siku iliwaka, tukaiweka kwenye kibao kidogo kama kiberiti chenye taa ndogo ya kijani, tukakifungia king'ora kidogo kama kizibo cha soda ila sauti yake inavuka bonde, tukanunua na boksi la plastiki, na mimi nikaanza kutembea kijijini kwa maringo.

Jumapili ya mavuno ilikuja na ukungu. Mnaujua ule wa Julai, unatoka bondeni unapanda ukingo, unakaa juu ya paa za mabati kama umepanga chumba, huoni mnara wa kanisa ukiwa uwanjani. Asubuhi nilikizima kifaa changu, maana niliahidi kiwashwe mbele ya watu, nikakifunga juu ya mti niliouchomeka katikati ya kishamba cha usharika kando ya kanisa, nikaenda ibadani nimetulia kabisa. Walikuja na wageni, wakulima wa Malindi, wakakaa viti vya mbele.

Wimbo wa mwisho ulipoanza, roho ikaniambia toka ukajaribu mara moja. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, mimi na Zaituni (yeye alikuwa ananisubiri nje, ni Mwislamu) tukakimbilia shambani, nikafungua boksi, nikawasha.

Kimya. Taa ya kijani haikuja.

Nikazima, nikawasha. Nikatikisa. Nikapuliza. Nikabadilisha betri kwa ile ya akiba, vidole vimeganda mpaka nikaudondosha mfuniko kwenye matope. Ndani kwaya imefika ubeti wa pili na mimi naujua wimbo ule una beti chache sana.

Zaituni akainama karibu na sikio langu. "Dada. Baridi."

Pale pale niliona yote kwa mkupuo mmoja, jiko, funguo za nyumba, theluji ya watu, mimi na hotuba yangu. Nikaona na viazi vikiingia chumbani gunia kwa gunia, na Zaituni akishuka kwenda Tanga kuwaambia kwao kwamba mlikuwa sahihi.

Mtu mwenye akili zake angeenda kumwambia Mzee Yoeli, baba, kuna hitilafu, tupeni muda. Mimi nikakichomoa kile kibao kwenye boksi pamoja na betri na king'ora chake, nikapandisha sweta, nikakisokomeza kwapani, kwapa la kushoto. Nilifikiri kikipata joto kidogo tu kitaamka, na nilijua kikishaamka hakilali tena mpaka ukizime, kwa hiyo nikirudishe kwenye boksi wakiwa wamefumba macho kwa sala, mambo yaishe. Boksi tupu nikalifunika likabaki juu ya mti. Sasa kwa ile pupa ya kuchomoa, waya wa betri ulikuwa umelegea kwenye kibao, ukiuachia unatoka, ikabidi niubane kwa vidole, mkono wangu wa kulia umeingia ndani ya koti unashika waya, mkono wa kushoto umebanwa ubavuni usiachie kwapa, na hivyo hivyo nikageuka, watu hao wanatoka kanisani.

Kwetu salamu siyo kitu cha kupitia juu juu. Nikaanza shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo bibi, nainamisha kichwa, naona watu wanatazama lile koti langu lakini wanaitikia marahaba wanapita, wengine wanadhani nasikia baridi. Nikaanza kupata matumaini. Ndipo Mzee Yoeli akafika.

Mzee Yoeli hasalimii kwa haraka. Anasimama mbele yako, anakutazama, anatoa mkono, na mkono ule unangoja. Nyuma yake walikuwa wamesimama wageni wa Malindi, wametulia, na Mchungaji na joho lake.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba mwanangu." Mkono ukanyooka.

Nilifikiria kuachia waya. Nawaapia nilifikiria. Lakini nilihisi kwenye kwapa kakibao kanaanza kupata uvuguvugu, na nikiachia hapo basi. Nikatoa mkono wa kushoto. Na siyo mkono wenyewe, kwa sababu kiwiko kilikuwa kimebana kwapa, kilichotoka ni kuanzia kiwikoni kuja mbele, kiganja kinachezacheza hewani usawa wa tumbo la mzee wa kanisa.

Akakitazama kiganja kile. Hakukigusa. Kuna mama nyuma yake alivuta pumzi, nikaisikia.

"Umeumia mkono wa kulia?" akaniuliza, kwa upole kabisa, yaani ananipa mlango wa kutokea.

Na mimi, kwa sababu niko uwanja wa kanisa na Mchungaji ananitazama, nikaona uongo wa waziwazi utanishinda. Nikasema, "Hapana, baba."

Akarudisha mkono wake taratibu, akauweka mfukoni, akapita. Nilitamani ardhi ya Mtae ipasuke pale pale nishuke nayo mpaka tambarare.

Tukazunguka kile kishamba, watu wengi, ukungu unatupita katikati ya miguu. Kawaida yetu hapa kitu kipya hakiwashwi mpaka kiombewe, iwe ni trekta, iwe ni bomba la maji, kwa hiyo Mchungaji akasogea mbele ya lile boksi (tupu, jamani, boksi tupu) akainua mikono na watu wakafumba macho.

Nilifumba jicho moja. Mpango ulikuwa nisogee polepole nikirudishe, lakini Mzee Yoeli alikuwa amesimama kati yangu na ule mti, mgongo wake umenielekea, na siwezi kumpita bila kumsukuma. Nikabaki pale pale. Mchungaji akaombea mavuno, akaombea wasafiri, akaombea barabara yetu ambayo mvua imeila, akawaombea wageni wa Malindi, akamwombea na Zaituni na wazazi wake walioko Tanga, na mimi natoka jasho. Baridi yote ile, na mimi natoka jasho la woga, linatiririka kwa ndani, linashuka mahali gani? Kwapani. Nikahisi king'ora kinatetemeka kidogo ubavuni, kama kinavyofanya kila kikipata umeme, nikajua kimeamka. Nilishukuru Mungu kwa ukweli kabisa. Sikuwa nimewaza jambo moja dogo, kwamba kifaa chetu tumekitengeneza kipige kelele kikikutana na uvuguvugu na unyevu mwingi.

"Na ukibariki kifaa hiki," Mchungaji akasema, "kilichosimama hapa mbele yetu..."

King'ora kikalia. Kililia kutoka ndani ya nguo zangu, kwa nguvu zote tulizokipa, na mbwa wa bondeni wakaitikia.

Watu wakafumbua macho wakatazama boksi. Mgeni mmoja wa Malindi, mzee wa watu, akafurahi sana. "Mghoshi, kimelia! Kimelia chenyewe!" akamwambia mwenzake ("mghoshi" kwetu ni kama kusema bwana), na wengine wakaanza kupiga makofi. Mchungaji akajaribu kuendelea kwa sauti ya juu zaidi, king'ora nacho hakikukubali, akakata akasema amina. Na hapo taratibu, mmoja baada ya mwingine, nikaona nyuso zinaliacha lile boksi na kugeukia kwangu, kwa sababu masikio yana akili yake.

Mzee Yoeli akaenda akafungua boksi. Akachungulia. Akaligeuza chini juu.

"Kiko wapi?" akauliza.

"Kwapani, baba," nikasema, ila kwa ile kelele hakusikia, akaweka mkono sikioni, na ikabidi nipige kelele uwanja mzima usikie: "Kwapani!"

Kukitoa ndiyo ilikuwa balaa lenyewe. Waya ulikuwa umenasa kwenye sweta, nikifungua koti kinazidi kulia, nikivuta kinakwama, Zaituni akaja mbio akanizungushia kanga yake, na ndani ya ile kanga mimi napambana kama nimeingiliwa na nyigu, mpaka nikang'oa betri.

Nikakirudisha kibao kwenye boksi mbele yao. Nikaunganisha waya, na kwa kuwa kilikuwa bado na joto langu, taa ya kijani ikawaka vizuri kabisa, na king'ora kikatulia kwa sababu kimeshatoka kwenye jasho. Watu wakashusha pumzi. Yule mgeni akapiga makofi tena. Na hapo, jamani, ningeweza kunyamaza. Kingebaki kimewaka siku nzima, chumba kingebaki chetu, na kwapa langu ningelitafutia hadithi.

Mzee Yoeli akaniuliza, "Kwa nini kilikuwa kwapani?"

Nikamtazama Zaituni. Alikuwa anakunja kanga yake, haniangalii. Nikakumbuka mkono wa mzee ulivyorudi mfukoni peke yake.

"Kwa sababu kwenye baridi hakiamki, baba," nikasema. "Nilitakiwa kukipima kwenye baridi kabla hakijachapwa. Zaituni alinikumbusha. Nikakataa."

"Kizime," akasema. "Tungoje kidogo. Halafu ukiwashe tena."

Nikakizima. Tukangoja. Nilidhani watu wataondoka, maana chakula cha mavuno kilikuwa kinanukia kutoka jikoni, lakini hakuondoka mtu, walisimama tu kwenye ukungu wamekunja mikono, wengine wamebeba watoto, wote wanatazama boksi la plastiki. Mzee Yoeli akaweka kiganja chake juu ya boksi akaona limepoa. Akanipa ishara. Nikawasha.

Hakikuwaka. Nikajaribu tena kwa sababu nilikuwa sijui la kufanya na mikono yangu. Hakikuwaka.

"Kifaa cha kutuambia hali ya hewa ya Mtae," mtu mmoja akasema nyuma, "kinaiogopa hali ya hewa ya Mtae." Kicheko kilichotoka hapo kilizunguka uwanja mzima, kikaenda mpaka jikoni kwa akina mama, kikarudi. Mwingine akauliza kama kila shamba litakuwa na mtu wa kukibeba kwapani, na alipwe kwa zamu au kwa siku. Mimi nimesimama pale koti limefunguka, sweta limepinda, nacheka na mimi kidogo kwa aibu, machozi yako karibu.

Mzee Yoeli ndiye hakucheka. "Na mle chumbani kiliwaka?"

"Kila siku, baba."

"Mle mna jiko."

"Ndiyo, baba. Tuna jiko."

Akawaita wazee wenzake wakaingia ofisi ya kanisa, mlango ukafungwa. Watu wakaenda kula. Mimi nikaketi kwenye ngazi ya chumba chetu, Zaituni akakaa pembeni yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nianze kufungasha?" Hilo swali liliniuma kuliko vicheko vyote, kwa sababu hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayeuliza maji yaliyobaki yanatosha kuoga.

Wazee walitoka, Mzee Yoeli mbele, wakaja moja kwa moja kwetu. Nikasimama.

"Kosa hilo linarekebishika?" akaniuliza.

"Kwenye chipu hizi halirekebishiki, baba. Ni kuchora upya sehemu ya kuamsha, kuipima kwenye baridi, na kungoja nafasi nyingine."

"Na hiyo tabia ya baridi, nani atawaambia? Mnaandikia watu wa kiwanda?"

"Hapana, baba. Imo kwenye kifurushi chao, iko wazi. Tunayo humu ndani tangu siku ya kwanza."

Mzee mmoja nyuma yake akakohoa. Nilijua hilo jibu limenimaliza kabisa, maana hata kusingizia wazungu sikuweza.

"Mbegu tutazibana kwa Mchungaji msimu mmoja tena," Mzee Yoeli akasema. "Chumba mtabaki nacho mpaka mchore upya."

Zaituni alinishika mkono. Nikafungua mdomo kushukuru, naye akainua kidole.

"Lakini jiko tunalichukua."

Na kweli, akina mama wawili walikuwa wamesimama pale tayari na matambaa ya kushikia, wakaingia, wakalibeba jiko letu likiwa na makaa mekundu na birika la chai juu yake, wakatupita mlangoni, na lile joto lilinipita usoni likaenda zake jikoni. Tukabaki tunatazamana.

Nikamwambia Mzee Yoeli, "Baba, na ule mkono. Naomba unisamehe." Nikapiga goti kidogo, nikanyoosha wa kulia, wa kushoto nikaushikisha kwenye kiwiko kama nilivyofundishwa na mama yangu nikiwa mdogo. Aliuangalia kwanza. Kisha akaupokea, akaushika, wala hakuuachia haraka.

Basi ndiyo hivyo. Nimeapa kwamba sitatuma tena mchoro bila kuupima kwenye baridi, hata umeme ukatike kila siku, na huwa sihubiri tena habari za funguo. Siku hizi nawaambia wanafunzi kwamba majina yakifanana ni salamu tu, tabia ya mtu utaijua mkikaa naye. Kipimo cha baridi tunakianza sisi wenyewe tukiwa tumekaa humo ndani tumejifunga mablanketi, pumzi zinatoka moshi, Zaituni anachapa na glavu alizozikata vidole, na hakuna anayeuliza tena ile baridi imewekwa kwa ajili ya nani.

Na kila asubuhi Mzee Yoeli akipita kwenda shambani, anasimama mlangoni na kunyoosha mkono wake ndani. Naacha kila nilichoshika, naenda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Anaushika mkono wangu, anaupima. "Kuna baridi humu?"

"Kuna baridi, baba."

"Vizuri," anasema, anauachia, anakwenda zake.